Kipande cha Tairi Mbele, Karavani Nyuma

Swali: Mwalimu, salaam aleikum. Sisi tunakaa Bamburi, mimi, mke wangu na watoto wawili. Tumenunua karavani iliyotumika, ile nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, ya ekseli moja. Bati lake linasema ikiwa tupu ina kilo 1,100. Naivuta kwa Prado. Safari ya kwanza tulikuwa tunaenda Voi. Tulipopita Taru nikiwa kwenye 95, pikapu iliyokuwa mbele yangu kama urefu wa mabasi mawili ikakwepa ghafla, na hapo ndipo nikaona kipande kikubwa cha tairi la lori kimelala katikati ya njia yetu. Nikakata kulia, nikarudi kushoto. Karavani ikaanza kupiga mkia huku na huku, mara tatu au nne, nikadhani tumekwisha. Ikatulia yenyewe, sijui kwa nini. Nyuma kabisa tulikuwa tumepakia jenereta na mitungi minne ya maji, na baiskeli za watoto tumezifunga kwa nje. Mke wangu amesema hapandi tena. Nilipaswa kufanya nini, na nifanyeje isirudie?

Jibu: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Namshukuru Mungu mmefika wote wazima, na namshukuru mkeo kwa kusema wazi. Woga wake una sababu, na nitarudi kwake mwishoni.

Nikujibu kwanza, sababu zifuate. Kile kipande ulipaswa kukipitia. Ungeshika usukani kwa mikono miwili, ukanyage breki kwa nguvu gari likiwa limenyooka, upunguze mwendo kadiri nafasi ilivyokuruhusu, kisha uachie breki kipande kikiwa karibu kuingia chini ya bampa, na upite juu yake bila kukata popote. Kungekuwa na kishindo. Huenda bampa ingepasuka, au bomba la maji machafu la karavani lingeng'oka. Bampa utapata nyingine. Ulipokata kulia uliingia kwenye njia ya malori yanayoshuka kutoka Nairobi, na kilichokuokoa ni kwamba wakati ule njia ilikuwa tupu.

Kuachia breki dakika ya mwisho kuna maana yake. Ukiwa umekanyaga, pua ya gari imeinama na springi za mbele zimebanwa, kwa hiyo gurudumu likigonga kitu halina pa kwenda. Ukiachia, pua inainuka, gurudumu linazunguka huru na lina nafasi ya kupanda na kushuka. Ni jambo lile lile unalofanya kwenye shimo ambalo umeshindwa kuliepuka.

Pikapu ilikwepa ikafanikiwa, nawe ukaiga. Lakini pikapu haikuwa na kitu nyuma. Karavani haigeuki pamoja nawe, inakokotwa. Unapokata kulia, gari linakwenda kulia mara moja, ilhali ule uzito wa nyuma bado unaendelea mbele kwa mwendo wa zamani. Unauvuta kwa pua, nao unafuata kwa kuchelewa. Sasa wewe umekwisha kukikwepa kipande na unarudi kushoto, wakati karavani ndiyo kwanza inafika kulia na nguvu zake zote. Umeiamuru irudi kabla haijamaliza kwenda. Mpigo wa pili unakuwa mkubwa kuliko wa kwanza, na wa tatu unaweza kuwa mkubwa kuliko wa pili. Trela nyingi zinazopinduka hazipinduki kwenye kona ya kukwepa. Hupinduka kwenye kona ya kurudi.

Hili sikulisoma mahali. Kabla sijaanza kufundisha nilivuta trela miaka mingi, na siku moja nilikuwa na Land Cruiser na trela ndogo ya magurudumu mawili iliyobeba mashine ya kuchomelea, naelekea Mackinnon Road. Kabla ya Samburu nikaona jiwe kwenye lami. Nikakata, nikarudi, trela ikalala ubavu na kulivuta gari mpaka likaangalia tulikotoka. Hakuna aliyeumia. Nilipopata nguvu za miguu nikarudi nyuma kutazama. Alama za matairi zilikuwa pale kwenye lami kama zimechorwa kwa makaa: mchirizi mwembamba kwenda kulia, kisha mchirizi mpana, mweusi, uliopinda kurudi kushoto, halafu mkwaruzo mweupe wa chuma. Na jiwe lilikuwa pale pale, halijaguswa. Nikaliokota. Lilikuwa kama nazi iliyofuliwa, basi. Land Cruiser ile ingelipitisha katikati ya magurudumu bila kujua kama lilikuwapo, na trela vilevile.

Tangu siku hiyo kila anayekuja kwangu na chombo cha kuvuta namwambia kwanza ajue kimo cha tumbo lake. Fanya hivi leo. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, iliyojaa, uisimamishe chini ya ekseli ya karavani, kisha chini ya mabomba, chini ya miguu ya kuegemezea iliyokunjwa, na chini ya tumbo la Prado. Ikisimama bila kugusa popote, basi kitu chochote barabarani kisichozidi chupa hiyo kwa kimo unaweza kukipitisha katikati. Ikigusa, tafuta kitu kifupi zaidi kikupe kipimo chako. Halafu siku ambayo mvua imenyesha, endesha polepole kwenye udongo laini, ushuke utazame nyayo. Utaona kama magurudumu ya karavani yanakanyaga mle mle mlimokanyagwa na Prado au yanapita nje kidogo. Bila kujua hilo, utakipitisha kitu katikati ya gari na kukikanyagisha gurudumu la nyuma.

Vitu vya barabarani si sawa vyote. Kipande cha tairi, katoni, tawi, gunia tupu: nyooka, punguza, pita. Usikidharau kipande cha tairi lakini. Ndani kina nyaya za chuma na kinaweza kuwa kizito sana. Gurudumu la mbele likikikanyaga ncha moja, ncha nyingine hupiga juu kama mjeledi, na kinachofuata nyuma ni karavani yako yenye mabomba, nyaya za taa na kebo za breki. Ndiyo sababu nakuambia kipite katikati ikiwezekana, na ndiyo sababu mwendo uwe umeshapungua. Mbao zenye misumari zitakupa pancha, na pancha ukiwa umenyooka ni jambo la kusimama na kutoa jeki.

Jiwe kubwa, ng'ombe, lori lililoharibika bila taa, mtu: hapo hakuna kupita juu. Hapo ni breki zote, kwa mguu wote, ukiwa umenyooka. Kama gari lako lina ABS, zile breki zisizoacha magurudumu yajifunge, litatetemeka chini ya mguu. Usiogope na usiachie. Ukishafika chini ya 40 hivi, kukata usukani kunakuwa jambo jingine kabisa, karavani itakufuata kwa adabu. Utaratibu ni huo: kwanza mwendo, kisha usukani. Na hata kama mwishoni utagonga, kugonga kitu kwa mwendo wa 30 ukiwa kwenye njia yako si sawa na kukutana uso kwa uso na lori la makontena.

Ukilazimika kutoka kushoto, angalia ukingo wa lami. Sehemu nyingi ukingo umeliwa na kuna ngazi ya kushukia kwenye mchanga. Gurudumu la kushoto likishashuka usilirudishe kwa kuvuta usukani. Baki huko huko, ondoa mguu kwenye mafuta, mwendo uishe, kisha upande polepole kwa pembe. Wanaopinduka hapo ni wale wanaotaka kurudi kwenye lami papo hapo.

Vipande vile unavyoviona kati ya Mariakani na Voi vingi vinatoka kwa malori. Watu husema ni ritredi tu, yaani matairi makuukuu yaliyovishwa gamba jipya, lakini hata tairi jipya humeguka likikimbizwa likiwa na upepo mdogo. Kwenye magurudumu ya lori yaliyopangwa mawili mawili, moja likipungua upepo dereva hasikii kitu, mwenzake analibeba. Lile laini linajikunja na kujikunjua kila mzunguko, linapata joto, lami ya Taru mchana nayo ni kikaango, mwisho gamba la juu linaachana na mwili. Kwa hiyo saa za joto ndizo saa za vipande. Ondoka Bamburi alfajiri na mapema, mara tu kunapopambazuka. Utapita Changamwe na Miritini kabla hakujajaa, na utafika Voi jua halijakaza. Usiku sikushauri kabisa. Taa za chini hazikuonyeshi mbali, na gari dogo lisilovuta kitu, likiwa kwenye 80 kwenye lami kavu, linahitaji kama mita 53 kusimama, ukihesabu na muda wa dereva kushtuka. Wewe unahitaji zaidi. Ukivuka Maungu ongeza na tembo na nyati wanaoweza kutokea kichakani giza linapoingia.

Barabara yetu pia ina lugha yake, na karavani inakulazimu uisome mapema. Ukiona matawi mabichi yamewekwa kwenye lami, moja hapa, jingine mbele kidogo, mbele kuna lori limekwama. Punguza ukiliona tawi la kwanza, usingoje lori. Na ukishalipita eneo ambalo lori lilikuwa limekwama, tazama chini: yale mawe waliyozibia magurudumu mara nyingi huachwa pale pale wakiondoka. Jiwe langu la Samburu lilikuwa la namna hiyo. Malori yanayokuja mbele yakianza kuyumba yote mahali pamoja, kuna kitu pale. Anayekuwashia taa mchana huenda anakuonya.

Macho yako yawe mbali, kama sekunde 15 mbele. Kwenye 80 hiyo ni zaidi ya mita 300. Na hapa ndipo kosa lako kubwa, kubwa kuliko usukani. Ulikuwa kwenye 95, nyuma ya pikapu kwa urefu wa mabasi mawili. Kwenye 95 gari linakwenda mita 26 kila sekunde. Mabasi mawili hayafiki urefu huo. Maana yake pikapu ilipokifunua kile kipande, ulikuwa na chini ya sekunde moja, na binadamu mzima, mwenye afya, anahitaji karibu sekunde hiyo yote ili macho yaone na mguu uguse breki. Haikuwa ajabu kwamba mikono ilifanya kabla ya akili.

Endesha 80, isizidi. Upepo ukiwa mkali au mzigo ukiwa mzito, 70. Kati yako na gari la mbele weka sekunde tano: gari la mbele likipita nguzo, hesabu elfu moja na moja, elfu moja na mbili, mpaka elfu moja na tano, ndipo wewe uifikie nguzo hiyo. Hiyo ni kama mita 110 kwenye 80. Matatu zitaingia kwenye nafasi hiyo, najua. Zikiingia, ondoa mguu kidogo uitengeneze upya. Utaitengeneza mara ishirini kabla ya Mazeras, na kila mara uitengeneze. Na usifikiri tofauti ya 80 na 95 ni ndogo. Nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimaliza hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kwenye 95 unabeba kama mara 1.4 ya ile ya 80.

Sasa lile swali la pili, kwa nini karavani ilipiga mkia, na kwa nini ilitulia. Ilitulia, nadhani, kwa sababu uliogopa ukaondoa mguu kwenye mafuta, na mwendo ukashuka. Bila kujua ulifanya jambo sahihi. Siku nyingine ulifanye kwa kujua: mguu utoke kwenye mafuta, mikono iushike usukani uelekee mbele kabisa, na usiifukuze karavani kwa kukata kinyume chake. Huwezi kuipatia, utakuwa unachelewa kila mpigo na kuuongezea nguvu. Usikanyage breki za gari kwa ghafla, maana gari litapungua na karavani itakuja kulisukuma ubavuni. Kuna wanaoshauri uongeze mafuta ili uivute inyooke. Naomba uwapuuze. Mwendo ndio chakula cha mpigo huo. Karavani ikiwa na breki za umeme zenye kitufe chake kwenye dashibodi, kibonyeze peke yake, karavani itajivuta nyuma na kunyooka. Yako pengine ina zile zinazojibana zenyewe karavani inapolisukuma gari. Hizo hufanya kazi mara unapoondoa mguu kwenye mafuta.

Lakini mpigo ule ulipakiwa Bamburi, kabla hamjawasha gari. Tupige hesabu. Tuseme kutoka ekseli hadi kile kichwa cha kufungia ni mita 4, na pale ulipoweka jenereta na mitungi ni mita 2 nyuma ya ekseli. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80. Jenereta ndogo, tuseme kilo 25. Jumla 105. Karavani ya ekseli moja ni pembea ya watoto, ekseli ndiyo katikati. Kilo 105 zikiwa mita 2 nyuma zinainua pua, iliyo mita 4 mbele, kwa nusu ya uzito wake, kama kilo 52. Baiskeli mbili za kilo 12 kila moja, zikining'inia mita 2.5 nyuma, zinaondoa kilo 15 zaidi. Kama pua ilikuwa inalalia ndoano ya Prado kwa kilo 90 ikiwa tupu, uliondoka nyumbani ikilalia kwa kilo 23. Hiyo ni karavani ambayo karibu inaelea. Inahitaji kitu kidogo tu kuanza kucheza: basi linalopita, upepo, au usukani uliokatwa mara mbili.

Inayotakiwa ni pua nzito ya kutosha. Kwa karavani kama yako, ikipakiwa ikafika kilo 1,300 kwa jumla, lenga kati ya asilimia 7 na 10 ya uzito huo, yaani kilo 91 hadi 130, bila kuvuka kiwango kilichopigwa kwenye ndoano yako, kwenye kichwa cha kufungia na kwenye kitabu cha gari. Kilicho kidogo kuliko vyote hivyo ndicho kinachotawala. Pua nzito kupita kiasi nayo ni mbaya, itaukandamiza mkia wa Prado na kuyapunguzia uzito magurudumu ya mbele, yale ya kukatia kona.

Kupima ni rahisi, na mizani ya bafuni ya kilo 150 inatosha. Simamisha karavani mahali pa tambarare, imepakiwa kama ya safari, magurudumu yamezibwa kwa vipande vya mbao. Weka mizani chini ya kichwa cha kufungia, na juu ya mizani simamisha kipande cha mbao kirefu kiasi kwamba karavani ikikilalia inakuwa sawa na kimo cha ndoano ya gari. Teremsha pua mpaka mbao iubebe uzito wote, kisha usome. Usipime chini ya kile kigurudumu cha mbele, kile cha kuiegemeza karavani ikiwa haijafungwa kwenye gari. Kigurudumu kiko karibu zaidi na ekseli kuliko kichwa, kwa hiyo kitakusomea kilo nyingi kuliko zilizopo na kukutuliza bure.

Kisha panga upya. Jenereta ihamie juu ya ekseli au mbele yake kidogo, sakafuni, imefungwa isitembee. Vyakula vya makopo, vyombo, viti, vyote vizito viwe chini na karibu na ekseli. Juu kabatini weka nguo na mito. Baiskeli zipande juu ya Prado. Maji usiyabebe kabisa: mitungi iende mitupu na mkaijaze Voi. Pima tena. Prado yenyewe ni nzito kuliko karavani, na Waingereza, ambao wana karavani nyingi, huwashauri wanaoanza wasivute inayozidi asilimia 85 ya uzito wa gari. Wewe uko chini ya hapo, kwa hiyo gari si tatizo.

Mengine nitayapitia haraka, ila usiyaache. Ndoano za mpira wa duara hazina ukubwa mmoja. Kichwa cha karavani kilichotengenezwa kwa mpira wa milimita 50 kinakubali kukaa juu ya ule wa inchi moja na sehemu saba za nane, ambao ni pungufu kwa zaidi ya milimita 2, na kitaonekana kimefunga mpaka siku ya tuta. Upime kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Ukishafunga, zungusha kigurudumu cha mbele kama unataka kuinua pua. Mkia wa Prado ukiinuka nayo, umefunga kweli. Minyororo ya usalama ipite msalaba chini ya mkono wa karavani ili ukichomoka iudake usilime lami.

Matairi ya karavani huzeeka kabla ya kuisha, hasa huku kwetu ambako jua na chumvi havipumziki. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya ubavuni: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Likishapita miaka mitano au sita libadilishe, hata kama meno yake yanang'aa kama mapya. Beringi zifunguliwe zitiwe grisi kabla ya safari nyingine, kwa sababu hujui huyo aliyekuuzia alizitia lini mara ya mwisho. Ukifika Mariakani simama, kaza nati, sogeza mgongo wa mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu. Uvuguvugu ni sawa. Kikikuunguza, usiendelee.

Mkienda Kilifi au Diani, madaraja marefu yana upepo wa ubavu, na kipindi cha kusi unapiga bila huruma. Ingia darajani ukiwa umeshapunguza. Kwa Diani, pitia Dongo Kundu. Kivuko cha Likoni maji yakiwa yamekupwa, ngazi ya feri inakuwa kali na mkia wa karavani hukwaruza.

Na wewe mwenyewe usiwe chanzo cha vitu vya barabarani. Zunguka karavani kabla ya kuondoka: madirisha ya paa yamefungwa, turubai la kivuli limefungwa na kamba ya ziada, ngazi ya mlango imekunjwa, mtungi wa gesi umefungwa koki yake. Hilo la gesi usilisahau hata siku moja, kwa sababu mojawapo ya yale mabomba ya chini niliyokutajia ni la gesi.

Ukishagonga kitu, usisimame pale pale kwa breki. Shika usukani, sikiliza. Gari likivutwa upande mmoja au karavani ikiinama, kuna tairi limekwisha; liache gari lipungue lenyewe, kisha utoke kabisa nje ya lami, mahali ambapo anayetoka nyuma anakuona kutoka mbali. Weka zile pembetatu za onyo, ya nyuma hatua mia nzima, watoto washuke upande wa kushoto wakae mbali na barabara. Halafu inama uangalie: kuta za matairi, ndani na nje, nyaya za taa, kebo ya breki, bomba la gesi, na unuse. Usikimbilie kwenye lami kuondoa kile kipande ulichogonga. Kama kitu ni kikubwa na kinahatarisha wengine, piga 999 au 112.

Sasa mkeo. Usimshawishi kwa maneno. Tafuta kiwanja kipana, asubuhi ya Jumapili, kwa ruhusa ya mwenyewe, na umwombe akae pembeni yako kama siku ile. Weka katoni tupu katikati ya kiwanja. Endesha ukiwa kwenye 40 kuielekea, breki ukiwa umenyooka, achia, ipite. Mara ya kwanza mikono yako itataka kukata. Irudie mpaka ikubali, mara kumi, mara kumi na tano. Kisha abadilishane nawe, aendeshe yeye, asikie kwa mikono yake karavani inavyokaa nyuma mtu asipoikorofisha. Barabarani mpe kazi ya macho ya mbali: yeye ndiye wa kusema "tawi", "lori limesimama", "kitu njiani", na wewe ukisikia neno hilo mguu utoke kwenye mafuta kabla hujaona chochote.

Lakini kabla ya hayo yote, pima pua. Pima mara mbili, kwanza ikiwa imepakiwa kama siku ile ya Taru, pamoja na mitungi iliyojaa, kisha baada ya kuhamisha vitu, na uniandikie kilo zote mbili.